Nafasi ya Bibi Ukutani

"Mpunguze," alisema Mzee Lameck. "Nafasi ya ukutani ni finyu, na babu yangu naye lazima akae."

Neli hakuinua uso. Alikuwa akilainisha bega la sanamu ya bibi yake kwa kokoto, kama alivyolainisha vyungu vyote tangu akiwa binti hapa Matema. Sanamu ilikuwa imeanza kukauka vizuri. Jumapili askofu angeweka wakfu ukuta wa waliowahurumia wapagazi, wale wanaume waliofungwa kamba shingoni wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, wabebe mizigo ya jeshi mpaka wafe. Waliotoroka walijificha pangoni milimani. Bibi yake aliwapelekea ugali ndani ya chungu, akijifanya anakwenda kuchimba udongo.

"Babu yako ndiye aliyewaonyesha askari lile pango," Neli alisema.

"Hayo ni maneno ya wanawake wakifinyanga."

"Ni maneno ya bibi yangu. Alichapwa viboko mpaka mimba ikatoka."

Mchungaji Yohana, aliyekuja na Lameck, alikohoa. Ni mtu mwema, lakini mweke karibu na mwenye sauti kubwa, ataitikia amina. "Mama Neli, yameshapita. Wajukuu wao wote wanasali hapa. Ukikataa, wazee wataacha ukuta wazi, na bibi yako atakosa hata hiyo nafasi."

Hapo ndipo walipomshika. Nusu shari, alijiambia, kuliko shari kamili. Akailowesha sanamu upya, akaikata kiuno, akaikwangua mgongo, akaanza na ya babu wa Lameck. Kesho yake Lameck akarudi: babu yake hawezi kusimama mikono mitupu, watu watauliza alifanya nini. Neli akamshikisha chungu cha ugali.

Udongo haubembelezwi. Ukishalowa upya unataka siku zake kivulini, la sivyo hupasuka motoni, na siku hazikuwepo. Babu wa Lameck alikauka upesi, kwa sababu Neli alimnyima udongo, akamfinyanga mwembamba kama kigae. Bibi alikuwa bado mnene kifuani. Neli hakuwa na moyo wa kumkwangua pale.

Jumamosi alipanga nyasi na magome juu ya sanamu zote mbili, akawasha. Moto ulipokolea akasikia mlio mmoja wa kupasuka humo motoni, na akajua. Majivu yalipopoa, babu wa Lameck alitoka mwekundu, mzima, bila ufa. Bibi alikuwa vipande. Neli akaketi majivuni akalia kwa sauti, majirani wakimtazama.

Jumapili kanisa lilijaa hadi mlangoni. Ukutani alisimama mtu mmoja tu na chungu chake. Askofu alimsifu kwa huruma yake, akasema watoto wakue wakimfuata. Mzee Lameck aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mchungaji Yohana alitazama viatu vyake.

Ibada ilipokwisha, Lameck akamsogelea Neli. "Ndaga, asante, mama," alinong'ona. "Umemtendea haki. Ila ana majivu usoni, na askofu anataka kupiga naye picha. Mfute kidogo."

Neli akaenda mbele, watu wote wakimngoja. Akashika ncha ya kitenge, akaitemea mate, kama mama anayemsafisha mtoto, akaanza kumfuta yule babu wa udongo shavu moja, kisha la pili, taratibu. Uso ulipong'aa bila jivu, akaitemea tena ile ncha, akampaka.