Namba 10,001 Inagawanyika

Mimi Dominika nina mdomo, na Kibosho nzima inalijua hilo. Lakini siku ile mdomo wangu ulisema kweli. Swali la mwisho la jaribio letu la darasa la saba liliuliza kama 10,001 ni namba tasa. Nikaandika si tasa, inagawanyika kwa 73. Mwalimu Wenseslaus akaniwekea kosa. Nikasimama, nikamwambia aliyekosea ni yeye.

"Nimejaribu mpaka 31, haigawanyiki," akasema. "Unataka kunifundisha kazi?"

Hakutaka hata kuijaribu hiyo 73. Akalitoa jina langu kwenye timu ya mashindano ya hesabu mjini Moshi, mpaka nimwombe radhi mbele ya darasa. Mashindano yalikuwa keshokutwa, na niliyasubiri tangu darasa la tano. Nilichemka.

Nyumbani, baba yangu Rogath alinisikiliza huku akimkatia ng'ombe majani. Kisha akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akakata jani la isale.

"Mpelekee mwalimu. Mwenye kosa akikuletea isale, huwezi kumkatalia msamaha."

"Baba, kosa langu ni lipi?"

"Umemjibu mkubwa."

"Nilijibu swali."

Hakucheka. Akasema nisirudi na lile jani nyumbani.

Jioni ile nilirudia hesabu yote, maana hata mbishi hukosea. Nikaanza na 2, 3, 5, 7, nikapanda na namba tasa moja baada ya nyingine. Hakuna haja ya kuvuka mia, kwa sababu 101 mara 101 tayari inapita 10,001. Ishirini zilikataa, kila moja ikaacha baki. Ya ishirini na moja, 73, ikaingia bila baki. Mwalimu alikuwa ameishia ya kumi na moja tu.

Asubuhi nilisimama mbele ya darasa na isale mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Haya, sema."

Nikachukua chaki, nikaandika 137 mara 73. Nikapata 411, chini yake 9,590, jumla 10,001. Halafu nikaliweka jani mezani kwake.

"Mwalimu, nimelileta kama nilivyotumwa. Ila wewe ni wa hapahapa, unajua anayelibeba ni aliyekosea."

Mwalimu akachukua chaki, akarudia hesabu pembeni kwa mkono wake. Ikatoka ileile. Mimi kuketi sikuketi ng'o.

Akaliokota jani, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Dominika. Kesho uwahi gari, linaondoka saa moja."

Anayepewa isale hakatai, nami sikukataa. Ila sikulipokea mara moja. Nilimwacha alishike mpaka nilipomaliza kulisomea darasa ubao mzima kwa sauti, tangu 137 hadi jibu.