Kamusi Yetu Ilikuwa Wazi kwa Wote

…na tulikuwepo Aikaeli mwenyekiti, Jackline, Lemomo, Yiamat mwenyewe anayesemwa, mimi na mwanangu Sinyati, hakuna mwingine, kwa hiyo hakuna wa kumsingizia baadaye, chumba kile kile cha Kijenge tunachorekodia maneno, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za pikipiki, na Aikaeli anasema, “Wanaokubali Yiamat atoke wanyooshe mikono,” wake uko juu tayari, wa Jackline uko juu, wa Lemomo unakuna kichwa, na wangu uko mapajani, umeshika kanga ya mtoto, mzito kama ndoo… Siku ya kwanza walituambia kamusi hii ya lugha yetu ya Maa, ya kwenye simu, haina mwenyewe, yeyote aje, achukue, arekebishe, aongeze, halipi mtu, haulizwi ni wa dini gani wala chama gani, na mimi wa darasa la saba nikaona kumbe kuna mlango hauna kufuli, nikaja, nikatoa sauti, na Yiamat ndiye aliyeitengeneza programu, ndiye aliyenifanya nirudie neno enkop, ardhi, tena na tena, “Sema taratibu, mama Sinyati, mbwa wa jirani naye anataka kuingia kwenye kamusi,” na mtoto alipolia alichukua kanga yangu akambeba mgongoni, mwanamume wa Kiarusha na mtoto mgongoni, akazunguka naye nje, Lemomo akamcheka, “Yeyo wa watu huyo, mama kabisa!” naye wala hakujali… mikono ile ile ndiyo iliyoandika posti ile. Aikaeli ameisoma kwa sauti mbele yetu, kutoka ukurasa wa Yiamat wa Facebook, kwamba binti hapewi shamba, shamba lake liko kwa mumewe, halafu, “Namfahamu dada mmoja, kaka zake walichukua kahawa yote ya baba yao naye hakulalamika, huyo ndiye mwanamke mwenye heshima,” na alipofika kwenye hilo la dada mmoja, Jackline aliniangalia, Lemomo akaangalia sakafu, maana yule dada ni mimi, na Yiamat aliyajua kwa sababu nilimwambia mwenyewe, hapa, kati ya neno na neno, nikilia, kumbe kulia kwangu hakukuwa kulalamika, alinifutia mezani chai niliyoimwaga akasema pole, akaenda nyumbani akanigeuza mfano… “Hii ni kamusi, siyo kanisa,” anasema Lemomo, “enkiteng ni ng’ombe kwa anayewapenda wanawake na kwa asiyewapenda,” na Jackline, “Wewe nyamaza, mama gani atakuja kutoa sauti hapa akishasoma yale?” na ni kweli, mimi nisingekuja, halafu nawaza, leo shamba, kesho wataniuliza nasali wapi, yule mzee wa Tengeru aliyetupatia majina ya ndizi ana wake wawili, naye atoke?… Yiamat anasema, “Nimeandika kwenye ukurasa wangu, kwenye kamusi sijamtukana mtu,” haniangalii, angeniangalia mara moja tu, na Aikaeli, “Sisi tunalinda akina mama kama Naserian,” ananitaja mimi, kaka Aikaeli aliyenikaribisha vizuri siku zote, aliyenitengea kiti chenye mto, lakini kabla ya kunisoma mbele za watu hakunipigia hata simu, naye kanichukua kama mfano, wawili hawa, kila mmoja na Naserian wake, na mwenyewe nimekaa hapa… Lemomo anauliza, “Na kazi yake je?” “Programu inabaki,” anasema Aikaeli, “iko wazi, ni ya wote, yeye ndiye anatoka,” na hayo nimeshayasikia, uani kwa baba, mlimani, kahawa niliyoipalilia tangu nikiwa na meno ya utoto, migomba niliyoimwagia samadi kwa mikono yangu, kaka mkubwa akasema shamba linabaki, ni la ukoo, wewe ndiye unatoka… sasa nimnyooshee Yiamat mkono ule ule walioninyooshea, na kama nisipounyoosha nitakuwa nimesema yule dada ana heshima, hakulalamika… Sinyati ameshuka mapajani, anajikongoja kwa miguu yake mipya, anakwenda kwa Yiamat, anamwinamishia kichwa kama alivyofundishwa kuwasalimia wakubwa, na Yiamat anaweka kiganja kwenye utosi wake, polepole, ni mtu mwema na amenisaliti, yote mawili, sikujua yanaweza kukaa kwenye mkono mmoja, na mtoto huyu aliyemshika utosi ni binti, Yiamat, ni binti, yeye naye shamba lake liko wapi?… sitaki atoke, sitaki abaki, nataka anisikie, lakini si yeye wa kusikia, nilikosea mlango, nilimlalamikia mtengeneza kamusi badala ya… “Mama Sinyati,” anasema Aikaeli, mkono wake bado juu, “tunakusubiri wewe,” na wangu bado uko mapajani, lakini si mzito tena.

Yiamat alitolewa bila mkono wangu. Jumatatu nilimbeba Sinyati, nikapanda hadi baraza la ardhi la kata, nikawataja kaka zangu kwa majina.