Mstari wa Sauti ya Tatu

Mwalimu Lameck alikuwa ameshainuka mara nne kabla hata televisheni haijawashwa. Mara ya kwanza alikwenda kuvuta pazia, mara ya pili akalivuta tena, mara ya tatu akawahamisha akina mama wa sauti ya kwanza waliokaa njiani. Mara ya nne hakujua mwenyewe alifuata nini, akarudi akakaa. Mkewe Mackrine alimtazama tu. Miaka thelathini na miwili ya ndoa inatosha kumjua mtu roho yake inapokuwa juu juu.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, hapo Nyabiyonza, na kwaya nzima ya usharika ilikuwa imejibana kwenye sebule ya mwalimu. Waliowahi walikuwa kwenye makochi, waliochelewa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, na wengine chini kwenye mkeka. Ndizi walishakula, chai walishakunywa, kisahani cha kahawa za kutafuna kilishazunguka mara mbili. Sasa walitaka kile walichoitiwa. Joviness, binti wa kwanza wa mwalimu, alikuwa ameimba huko Ujerumani, ukumbi mkubwa, okestra nzima, na tamasha lote lilirekodiwa kwa video. Mdogo wake Deodatha alikuwa ameipakua video usiku kucha na kuitia kwenye flashi.

"Yuko sauti ya pili," mwalimu akawatangazia bila kuulizwa. "Mwangalieni kwa wanawake, wale wa sauti ya pili. Mtamwona tu."

Nani alimwambia hivyo? Hakuna. Alijipigia hesabu mwenyewe kwamba binti yake ana sauti nzito, ni mwanamke, na Ulaya mambo yana utaratibu, basi atasimama wapi kwingine? Deodatha alimtazama mama yake. Mama yake akatazama kisahani cha kahawa.

Hapa nirudi nyuma kidogo, maana bila hili utamwona mwalimu kama mtu mwenye kichaa tu, na kichaa hana.

Joviness alipokuwa na miaka kumi na minne, sauti ya tatu ya kwaya ile ilikuwa na wanaume watatu, na wawili kati yao walionekana mazoezini kwa nadra kama mvua ya Julai. Lameck akamweka binti yake pale, katikati ya wanaume. Alisimama nyuma yake, akampigia mapigo begani kwa vidole viwili, akamfundisha kusikiliza kabla ya kufungua mdomo. Ndani ya mwaka mmoja mstari ule ulikuwa ukimtegemea yeye. Akisafiri, wimbo unapwaya.

Halafu ikaja asubuhi ya mashindano ya kwaya kule Kayanga, miaka saba iliyopita. Sare zimepigwa pasi, wameshajipanga, zamu yao imekaribia. Mzee Rugemalira, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akamwita mwalimu pembeni akamwambia kwamba msichana mzima kusimama na wanaume mbele ya watu wote hawa ni aibu kwa usharika, amtoe. Lameck angeweza kukataa. Angeweza hata kumwambia binti yake ukweli, kwamba mzee hataki. Lakini Lameck alikuwa mwoga wa wazee, tena mwoga hasa, na hakutaka mtu ajue. Akarudi kwenye mstari akasema kwa sauti, wote wakisikia, "Joviness, toka. Sauti yako leo mbaya, inatuharibia."

Joviness akatoka. Alikaa kwenye ngazi za nje na daftari lake la nyimbo mapajani mpaka mashindano yakaisha. Toka siku hiyo hakuimba tena katika kwaya ya baba yake. Akasomea uuguzi, akapata nafasi ya kwenda Ujerumani kupitia sharika rafiki, akaenda. Kila Jumamosi alimpigia mama yake. "Msalimie baba," alikuwa akisema. "Naye mwambie nimemsalimu," alikuwa akijibu Lameck kutoka kwenye kiti chake, mita mbili kutoka kwenye simu. Miaka saba salamu zinapitia kwa mama kama watu waliogombea shamba!

Na kuna jambo Lameck hakumwambia mtu, hata Mackrine. Sauti ya Joviness asubuhi ile haikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri kuliko siku zote alizowahi kuisikia.

Basi ndiyo maana hakutulia kitini. Alitaka kumwona mwanawe, na alitaka amwone kwa wanawake, mahali ambapo hapana mtu atakayekumbushwa Kayanga. Na kwenye kochi la mbele, fimbo katikati ya magoti, alikuwa amekaa mzee Rugemalira mwenyewe, amealikwa kwa heshima zote.

"Weka," mwalimu akamwambia Deodatha.

Video ikaanza. Jukwaa giza, moshi unatambaa chini, taa za bluu. Akatokea mzee mmoja wa Kizungu, nywele nyeupe mpaka mabegani, shati linametameta, akaingia katikati ya vinanda. Siyo kinanda, vinanda. Vilimzunguka pande tatu, vingine vimepandana ghorofa, na kimoja kilikuwa na nyaya nyingi mpaka mama mmoja akauliza kama ni mashine ya kusaga.

"Vyote hivyo ni vya mtu mmoja?" akauliza.

"Ana mikono mingapi?" akadakia mwingine.

Nyuma ya mzee yule walikaa watu wa vayolini, safu kwa safu, na pembeni mpiga dramu alikuwa amefungiwa ndani ya kizimba cha kioo. Hilo liliwasumbua sana. Walibishana kama ana ugonjwa au amefanya kosa, mpaka Lameck akawaambia wanyamaze, ni kwa sababu ya kelele za dramu. Kule nyuma kabisa, juu, gizani, kulikuwa na vichwa vingi vimesimama. Kwaya. Lameck akasogea ukingoni mwa kiti.

Kamera ikaenda kwenye mikono ya mzee.

Loo, mikono ile! Kamera iliipenda mno. Mkono wa kulia unakimbia juu ya kinanda kimoja, wa kushoto unazungusha kigurudumu kwenye kingine, sauti inapinda, inalia, inapanda. Kisha uso wa mzee, jasho. Kisha mikono tena. Kisha mpiga gitaa amefumba macho. Dakika kumi, dakika kumi na tano, na wimbo ni ule ule, unabadilika badilika bila kuisha. Watu wa kwaya wamezoea wimbo wa beti nne na kiitikio, wakaanza kujikunakuna.

"Baba," Deodatha akasema taratibu, "dada ameniambia dakika anayoonekana. Niipeleke mbele?"

"Wimbo hauanziwi katikati."

"Ni video tu, baba."

"Nimesema hauanziwi katikati! Mimi katika kwaya yangu nimewahi kuruka ubeti?"

Hakuwahi, kweli. Hata siku mchungaji alipokuwa na homa, beti zote sita ziliimbwa. Deodatha akaiweka rimoti chini.

Na hapo mwalimu akaanza kutekwa bila kupenda. Alikuwa akipiga mapigo gotini kama kawaida yake, moja mbili tatu nne, na kila mara alipofika nne vidole vyake vilijikuta nje ya wimbo. Akaanza upya, akapotea tena. Akakunja uso. Hawa watu vipi? Akajaribu mara ya tatu, midomo ikicheza kimya kimya, ndipo akashika. Saba! Walikuwa wanahesabu saba, nne halafu tatu, nne halafu tatu, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kupiga saba. Moyo ulimwenda mbio na hakujua ni raha au hofu.

Nje kukanguruma. Vichwa vyote vikageukia dirishani, maana kila mtu alikuwa ameacha kahawa imeanikwa nyumbani. Wawili wa besi wakainuka, wakaaga kwa ishara, wakatoka mbio. Mackrine akaenda kusimama mlangoni, jicho moja uani kwenye turubai la kahawa, jicho lingine ndani.

"Baba Joviness, kahawa."

"Iache."

"Italowa!"

"Si nimesema iache, mama!"

Wakati ule ule vayolini zikashuka, mzee wa vinanda akainua mikono yake juu, na taa zikawaka kule nyuma. Kwaya ilikuwa watu wasiopungua mia, wote wamevaa nyeusi. Wakafungua midomo kwa pamoja na sebule ikajaa. Hata waliokuwa wanasinzia walinyooka. Kamera ikaanza kupita juu yao polepole, kutoka kushoto. Sauti ya kwanza, nyuso nyeupe, miwani, nywele za kijivu. Sauti ya pili. Lameck akainuka bila kujua ameinuka. Uso baada ya uso, mstari wa mbele, wa kati, wa nyuma. Ikaisha. Joviness hakuwemo.

Kamera ikarudi kwenye mikono ya yule mzee, na haki ya Mungu Lameck angeweza kumtoa kwenye vinanda vyake kwa nguvu.

"Mbona hatujamwona?" sauti ikauliza kutoka kwenye mkeka.

"Labda siku hiyo aliumwa," mwingine akasema kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma mwalimu kuliko kejeli.

Alibaki amesimama katikati ya sebule, mikono haina pa kwenda. Akawaza kwamba binti yake amemdanganya. Akawaza kwamba yeye, kati ya watu wote, hana mdomo wa kumlaumu mtu kwa uongo.

Ndipo kamera ikaruka tena kule nyuma, safari hii upande wa wanaume. Vifua vipana, ndevu, na kati ya ndevu hizo, mstari wa pili, mwanamke mmoja mweusi, kichwa kimeinuliwa. Uso ule ule. Alikuwa ameshika daftari kwa mkono wa kushoto, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vinapiga juu ya jalada, nne halafu tatu, nne halafu tatu. Vidole vya Lameck, kwenye paja lake, vilikuwa vinapiga vile vile.

Sebule ikalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele, Deodatha akaruka ruka, Mackrine mlangoni akajifunika uso kwa kanga. Katikati ya zogo lile fimbo ikagonga sakafu mara mbili, na watu wakatulia.

"Mwalimu," akasema mzee Rugemalira. "Huyu mbona yuko kwa wanaume?"

Waliokuwapo Kayanga walikuwa wengi, na wote walikumbuka mara moja. Lameck alikuwa na jibu tayari, lilishafika ulimini, kwamba Wazungu wana taratibu zao, mzee, tuwasamehe. Jibu zuri, la heshima, lisilomuudhi mtu. Lingemaliza mambo. Alilisikia na akalichukia.

"Shikamoo, mzee," akasema, ingawa walishasalimiana kanisani.

"Marahaba."

"Yuko sauti ya tatu. Nilimweka mimi, akiwa na miaka kumi na minne. Na aliyemtoa ni mimi." Akageuka. "Deodatha. Simamisha hapo."

Deodatha akadhani hakusikia vizuri.

"Simamisha, mwanangu. Mpigie dada yako. Weka sauti kubwa."

Picha ikaganda, Joviness mdomo wazi katikati ya neno. Simu ikaita. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati, makubwa, yameachana, na uani turubai la kahawa lilikuwa wazi, na kahawa za nusu ya waliokuwamo zilikuwa wazi huko makwao. Hakuna aliyeinuka.

"Haloo, Deo? Mmeshaona?" Sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko Lameck alivyoikumbuka.

"Ni mimi," akasema Lameck.

"Baba? Shikamoo."

"Marahaba." Akaichukua simu kwa Deodatha, akaishika kwa mikono miwili. "Joviness, sikiliza. Kwaya yote iko hapa. Mzee Rugemalira yuko hapa. Siku ile Kayanga nilisema sauti yako mbaya. Nilisema uongo. Nilimwogopa mtu, nikakutoa wewe. Nimekukosea, mwanangu, na nimekaa nalo miaka saba kwa woga ule ule."

Mzee Rugemalira alitazama fimbo yake. Mvua ikaongezeka kidogo juu ya bati, na Deodatha akasogea kumsogezea baba yake simu karibu zaidi na mdomo.

"Najua, baba," Joviness akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba haikuwa mbaya. Niliisikia mwenyewe. Si wewe uliyenifundisha kusikiliza?" Akavuta pumzi, na wote sebuleni wakaisikia. "Nilichokuwa sijui ni kama na wewe uliisikia."

Lameck akaitazama televisheni, uso ule uliosimama katikati ya wanaume na mdomo wazi.

"Niliisikia," akasema. "Mpaka leo naisikia."