Boksi la Bibi Sindano

Bibi Sindano alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kazi. Waliowahi kubishana naye kuhusu suruali iliyobana walijua ni kwa sababu ya ulimi.

Chini ya meza yake ya kukatia vitambaa palikuwa na boksi la zawadi. Wajukuu wake watatu walipofika, walipiga magoti mbele ya boksi kabla hata ya kusema shikamoo. Bibi hakulalamika. Mumewe alishatangulia, na mwanawe, dereva wa malori, nyumbani alikuwa mgeni kama wageni wengine. Alishukuru hata kusalimiwa na visigino.

Krismasi iliyopita boksi lilizidi kipimo. Bibi alinunua ngoma, filimbi, magari, na mwanasesere anayelia mwenyewe bila kuchokozwa. Kufika wakati wa kula, Wakili, yule mjukuu wa kati ambaye tangu azaliwe hajawahi kukubali kosa, alikuwa ameshamng'ata dada yake mkubwa. Mdogo wao, Kisoda, alilala juu ya makaratasi ya zawadi huku analia usingizini. Mwanasesere naye analia. Mama yao, nesi aliyetoka zamu asubuhi hiyo, aliketi sakafuni akamtazama mwanasesere kwa muda, kama mtu anayetafuta pa kumdunga.

Mwaka huu, Majilio, zile wiki nne za kungojea Krismasi, yakikaribia, mkamwana huyo alikuja peke yake akakataa chai. Bibi akajua kuna neno.

"Mama, mwaka huu kila mtoto kitu kimoja."

"Kimoja."

"Na boksi lifungwe. Mwaka jana Majilio yote ilikuwa 'Bibi kaninunulia nini, Bibi kamnunulia nini yule'. Safari hii nataka tuwashe mshumaa, tuimbe, tulale."

"Sawa, mwanangu."

Mkamwana alimkazia macho. Hakuzoea kukubaliwa upesi hivyo. "Sawa kweli?"

"Shule niliishia darasa la nne, lakini kuhesabu moja tulifika."

Alipoondoka, Bibi alibaki ameshika mkasi bila kukata kitu. Ngoma na filimbi hazikumuuma. Kilichomkaa rohoni ni hiki: boksi likifungwa, wale watoto watakuja kwake kufanya nini? Kumwangalia bibi kizee akipinda suruali za watu?

Akawaza, akapata. Koti. Kila mtoto koti moja. Hata hakimu angelihesabu kuwa kitu kimoja. Ila koti lina mifuko. Mifuko ya mbele, ya kifuani, ya ndani ya bitana. Na mfuko haukatazwi kuwa na wapangaji.

Jumamosi watoto walikuja, wakapiga magoti kama kawaida. Chini ya meza walikuta ndoo ya vipande vya vitambaa.

"Bibi, boksi liko wapi?" akauliza Wakili.

"Limestaafu."

Wakatazamana. Wakili akauliza, kwa adabu zote, "Mama anakuja kutuchukua saa ngapi?"

Swali hilo lilimchoma Bibi kuliko pini yoyote. Akavuta futi kamba shingoni. "Simama hapa nikupime. Usipumue kama ng'ombe."

Akampima mabega, mikono, mgongo. Dada mkubwa akasema Wakili amesimama kwa vidole. Wakili akasema hivyo ndivyo anavyosimama siku zote. Kisoda akataka apimwe kichwa, Bibi akampima kichwa. Akataka apimwe sikio, akapimwa sikio, na Bibi, pini zikiwa mdomoni, akatangaza kwamba sikio hilo ni kubwa kuliko akili ya mwenyewe. Mama yao alipofika, watoto walikuwa wamelala chali juu ya karatasi ya kukatia, wanachorana kwa chaki, na hakuna aliyenyanyuka.

"Mrudi wiki ijayo," Bibi akasema. "Lazima nihakikishe vipimo."

Fundi aliyewashonea mabwana harusi wa mtaa mzima, na wengi wao aliwapima kwa macho tu, sasa alihitaji kuhakikisha vipimo. Wiki iliyofuata alihakikisha tena. Wakati huohuo wapangaji walikuwa wanahamia mifukoni.

Siku chache kabla ya Krismasi mkamwana akapita akitoka kazini. Akanyanyua koti la Wakili kulitazama. Koti likalia njuga.

"Mama, hili koti lina sauti."

"Vitambaa vya siku hizi."

Mkamwana akaingiza mkono. Akatoa gari. Akatoa jingine. Akatoa njuga, gololi, na ngoma ndogo ambayo Bibi mwenyewe hakukumbuka jinsi ilivyoingia.

"Tulisema kimoja."

"Koti ni moja."

"Mama."

Bibi akajitia kutunga uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari. "Na nisipoweka kitu," akasema bila kuinua uso, "watakuja kunifuata mimi?"

Mkamwana aliketi kwenye kiti cha wateja, akavua viatu. "Unajua Majilio haya yote wananiuliza nini? Hawaulizi zawadi. Wanauliza lini wanapimwa. Jana Kisoda kakataa kulala, anadai mkono wake umekua tangu Jumanne na Bibi lazima ajulishwe."

Bibi alivuta koti la Kisoda, akaanza kutoa vitu mfuko mmoja baada ya mwingine, akavirudisha kwenye boksi, na boksi akalipandisha juu ya kabati.

Krismasi makoti yalivaliwa. Hakuna aliyeng'atwa. Mshumaa uliwaka na kila mtu akausikiliza unavyowaka, mpaka Kisoda alipopata filimbi kwenye bitana ya kifuani.

Mkamwana akamgeukia Bibi.

"Macho yangu haya," Bibi akasema. "Siku hizi yanaruka mifuko."

Filimbi ililia mpaka jioni. Wakati wa kuagana, Bibi alimshika Kisoda mkono wa kushoto akautingisha. Koti lilifunika vidole vyote, wakati mkono wa kulia umekaa sawasawa.

"Huu mrefu," akasema kwa masikitiko. "Sijui nilikatajekataje. Aletwe Jumamosi niupunguze. Waje wote, pengine na ya wengine ina kasoro."

Mkamwana aliutazama mkono wa koti. Kisha akamtazama mavyaa wake, ambaye alikuwa anatazama dari.

"Jumamosi asubuhi," akauliza, "au washinde kabisa?"