Ndani ya Plagi

Mama aliingia klabu ya sayansi bila hodi, cherehani yake ya umeme kaikumbatia, plagi inaburuzika sakafuni. Masomo yalishakwisha, walibaki watoto kumi na wawili na mwalimu wa fizikia.

"Nani anaitwa Bisibisi hapa?" aliuliza, akimkodolea macho binti yake.

Lahaula! Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Jina hilo alilipata humu humu klabuni, yeye aliyekuwa akilia kila kipindi cha sayansi.

"Umeichokonoa cherehani yangu, imezima! Gauni la bibi harusi linatakiwa leo. Mwalimu, leo ndiyo mwisho wake kukanyaga hapa."

"Mama, haki ya Mungu sijaigusa."

"Basi iwashe tuone!"

Mwalimu hakumtetea mtu. Alisafisha meza tu. "Utaratibu unaujua, Bisibisi. Ukifungua kitu, unataja ulichokiona, kwa sauti, kabla hujatengeneza."

Alianza na plagi, maana ilinuka kuungua. Akalegeza skrubu, kifuniko kikatoka. Penye fyuzi palikuwa na karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri, kama mama anavyokunja pindo. Waya wa pembeni ulikuwa mweusi tii.

Akaifunika kwa kiganja. Akitaja, amemuaibisha mama mbele za watu, na klabu ndiyo basi tena. Akisema fyuzi imeungua, nani atajua? Lakini fyuzi mpya nayo ikiungua, mama atarudia karatasi yake, na chumba anachoshonea kimejaa vitambaa hadi darini, nao wanalala humo humo.

"Fyuzi hakuna," alisema. "Kuna karatasi ya sigara. Waya umeshaanza kuungua. Bado kidogo tu tungewaka moto."

Mama alimkazia macho, na mtoto akajua kwisha habari yake.

"Ni mimi," mama akasema taratibu. "Wiki ya tatu hii. Kila siku nasema nitanunua kesho."

Binti alikata waya ulioungua, akaweka fyuzi aliyopewa na mwalimu, akakaza skrubu, akaichomeka plagi ukutani. Cherehani ikanguruma. Hakuna aliyepiga makofi. Alikuwa analia, na hakujali nani anamwona.

Mama aliikumbatia tena cherehani yake. Mlangoni akageuka.

"Bisibisi, kesho klabu ikiisha, uje na hiyo bisibisi nyumbani. Kuna pasi nayo niliitengeneza mimi."