Tawi Chini ya Gari la Marehemu

Usiku wa kuamkia leo niliota naendesha gari la marehemu mume wangu kwenye barabara ya Makambako, na chini yake kuna kitu kinakwaruza lami: kwaruu, kwaruu.

Sauti hiyo naijua hata nikiwa macho. Ndiyo aliyoishikilia shemeji yangu Gaudensi tangu tulipoanua matanga. Alilisikia gari likiingia uani kwangu, akatangaza mbele ya ndugu kwamba limekufa, na kwamba leo asubuhi angekuja na kamba alivute akaliuze vipuri, maana mjane hana kazi na gari. Ndugu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikalala na ufunguo chini ya mto na hasira kifuani.

Sasa naendesha. Sauti kutoka chini ya kiti inaniambia, "Mama, punguza mwendo. Mbele kuna gari bovu."

"Silioni," nasema.

"Utalionaje? Umo ndani yake."

Nauliza ni nani anayesema. Sauti inajibu kwamba ni tawi la mkaratusi na kwamba liko kazini. Dereva wa lori alilikata akaliweka barabarani alipoharibikiwa, ili wanaokuja wajihadhari. Lori likapona, likaondoka, tawi likaachwa palepale. Ndivyo walivyo madereva wetu: kukata matawi ni hodari, kuyaondoa wanasahau.

"Wewe ukanipitia juu, nikanasa," linasema tawi. "Sasa penye tawi pana gari bovu. Ndiyo sheria, sikuitunga mimi."

"Gari langu linatembea."

"Hilo halinihusu."

Natazama kioo. Nyuma yangu magari yamesimama msururu mpaka yanapotelea kilimani. Dereva wa lori la mbao ametandika mkeka juu ya lami, anasonga ugali. Nampungia mkono apite.

"Hatuwezi kupita, mama, kuna tawi," ananijibu kwa upole. "Tutasubiri utengeneze. Karibu chakula."

Nakanyaga mafuta. Barabara inapinda kushoto, inaingia mlangoni kwangu, na najikuta nimeegesha sebuleni, katikati ya kikao cha ukoo. Gaudensi amekalia kiti cha marehemu, kamba mkononi. Hakuna anayeshangaa gari kuwa juu ya zulia. Shangazi mmoja anainua tu miguu lisimkanyage.

"Ndugu zangu, mmelisikia wenyewe," anasema Gaudensi.

"Tumelisikia."

Chini ya gari mfuko wa plastiki unakohoa. Umeyeyukia kwenye ekzosi na unasemea puani. "Naomba nami niwemo kwenye mirathi," unasema. "Nimeishika familia hii tangu siku ya mazishi. Nimeungua nayo." Kipande cha tairi lililopasuka, kilichojipachika nyuma ya gurudumu, kinasema chenyewe ndicho kifungua mimba. Gaudensi anawakaribisha wote wawili wakae. Mimi mwenye nyumba ndiye sijakaribishwa.

Hapo nikachukia kweli. Nikashuka garini, nikasimama mbele yao.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikasema. "Nani kati yenu ameinama kutazama chini ya gari hili?"

Shangazi akaangalia dari.

"Sauti inatosha," akasema Gaudensi. "Na mwanamke wa ukoo huu haingii chini ya gari."

"Basi leo anaingia."

Marehemu Erasto alikuwa na utaratibu wake, nami nilimshikia tochi miaka yote bila mtu kujua kwamba najifunza. Kwanza handbreki. Kisha mawe kwenye magurudumu. Kisha ngoja ekzosi ipoe. Mawe sikuyapata sebuleni, kwa hiyo niliwaambia wajomba wawili wakae nyuma ya magurudumu, wakakaa bila kuuliza. Nikatandaza gunia, nikalala chali, nikajisukuma ndani.

Chini ya gari ni kupana kuliko nyumba. Kuna baridi ya Makambako ya asubuhi na harufu ya oili, ileile ya shati la Erasto la Jumamosi. Nikamlilia pale kidogo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananitazama. Kisha nikaanza kazi.

"Usinishike, nina moto," ukasema mfuko. Nikaungoja upoe, nikaubandua kwa mwiko.

"Na mirathi yangu?"

"Kamuulize aliyekukaribisha."

Kipande cha tairi hakikunisumbua. Nilipokigusa tu kilidondoka, kikakiri kwamba si mtoto wa mtu. Likabaki tawi.

"Toka," nikaliambia.

"Siwezi kuacha kazi hivihivi, mama. Lazima niwe nyuma ya aliyekwama. Nionyeshe aliyekwama, nami nitatoka."

Nikachungulia. Kutoka pale chini naona miguu ya ukoo mzima, na viatu vya Gaudensi vimezama kwenye zulia hadi vifundoni. Mwenyewe hana habari.

"Yule," nikasema.

Tawi likamtazama kwa muda, kama fundi anayesikiliza injini. "Kweli," likasema. "Amekwama vibaya."

Nikalivuta kwa mikono miwili. Utomvu ukanijaa viganjani. Nikatambaa nikalilaza nyuma ya kiti alichokalia Gaudensi, mbali kidogo, kama inavyotakiwa barabarani. Ndugu wote wakainuka, wakampita Gaudensi mmojammoja kwa uangalifu, wakatoka nje.

"Shemeji, hii nini?" akauliza.

"Subiri utengenezwe," nikamwambia.

Nikaamka. Jua limeshatoka na simu inaita. Ni Gaudensi.

"Shemeji Blandina, nisaidie. Nilikuwa nakuja kwako, gari limenizimikia hapa kona ya kanisani. Njoo na gari univute. Kamba ninayo."

"Gari lipi, shemeji? Si lilikufa?"

Nikamuuliza kama ameweka matawi, asije akagongwa.

"Sijaweka. Lakini nimelikuta moja hapa nyuma, la mkaratusi. Limesagika upande mmoja kama lililoburutwa. Sijui nani kaliweka, na huku hakuna mikaratusi."

"Usiliondoe," nikasema.

Nikanywa chai kwanza, vikombe viwili. Nilipochukua ufunguo ulininata kiganjani, nikalazimika kuubandua kwa mkono wa pili. Nikawasha gari, nikalitoa polepole mpaka barabarani, nimetega sikio. Chini palikuwa kimya.