Kompresheni ya Mzee Bujiku

Jumamosi asubuhi Agapiti alikuwa amechuchumaa kando ya duara, shimo la dhahabu la Mzee Bujiku, pale Rwamgasa, akimalizia kuunda kipima kompresheni. Kihisi alikitoa kwenye kipima presha cha wagonjwa kilichotupwa, namba zilisomeka kwenye kioo cha kikokotoo, na valvu ya baiskeli ilizuia hewa isirudi ilikotoka. Kizuri hakikosi kasoro. Hiki kilikuwa kasoro tupu, lakini kilipima.

Injini ya kupuliza hewa duarani ilikuwa imechoka, na chini kule alikuwamo mdogo wa Agapiti, Mihayo, akichimba. Siku hizi Mihayo alipanda juu midomo ikiwa rangi ya majivu. Mzee Bujiku, mwenye duara, alisema injini ni nzima ila vijana wamezidi uvivu.

Agapiti akachomoa plagi, akafunga mpira wa kipimo, akavuta kamba ya kuwashia. Thelathini. Injini nzima ya aina ile husoma mia na ishirini. Akadondoshea oili ndani ya silinda, kama mafundi wafanyavyo wakishuku ringi za pistoni, akapima tena. Thelathini ileile. Ringi hazikuwa na kosa.

Mzee Bujiku akafika kuuliza kwa nini kazi imesimama. Akaushika ule mpira, akachomeka kidole aone unavyobana. Kioo kikasoma tisini.

Agapiti akajumlisha kichwani, thelathini na tisini, hesabu ikakubali. Akatazama chini: kandambili za mzee hazikugusa ardhi. Watu walikuwa wameliona hilo zamani, wakadhani ndivyo mtu anavyonenepa akipata.

"Mzee, hewa ya injini unayo wewe."

"Injini ya nani?"

"Yako, mzee."

"Na hewa je?"

Agapiti akaomba walau amuunganishe mzee na bomba la duarani, wapunguze kidogo tu. Bujiku akakataa katakata. Suti zake zote alikwishazishonesha upya.

Kufikia saa nane mchana mzee alikuwa akielea juu ya paa la karasha, mashine ya kusagia mawe. Mkewe, Mama Justa, akaleta kamba, wakamfunga kiunoni. Viongozi wa wachimbaji wakakaa kikao, wakapitisha zamu za kushika kamba. Ugali alipandishiwa kwa mti mrefu. Waliokaa kivulini mwake walimshukuru, maana jua la siku ile lilikuwa kali.

Mihayo akatoka duarani akitambaa, majivu midomoni. Agapiti akaumia moyo. Alitamani mdogo wake atukane, walau mara moja, hata kwa Kisukuma.

Mihayo akainua uso, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba!" sauti ikashuka kutoka juu. "Huko chini mnaendeleaje?"

"Hewa ndogo, mzee."

Mzee Bujiku akavuta pumzi ndefu ya huruma, akapanda juu kidogo zaidi.

"Vumilieni, wanangu."

Mihayo akawaomba washika kamba wailegeze, mzee asije akabanwa kiunoni. Kisha akavaa kofia yake, akashuka duarani.